Nilidhani Umekubali

Yahya,

Salamu nimeziruka. Nakusikia huko juu unaburuta masanduku na kuchana utepe wa gundi, na mtu anayehama juu ya kichwa changu siwezi kumuuliza hali. Hali yako naijua. Ya kwangu utaisoma humu.

Nimekaa jikoni. Baba yako yuko sebuleni anatazama mpira, sauti kaizima, kama vile kelele za mpira ndizo zitakazotubomolea nyumba. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza huwa napata adabu nisiyoitaka. Kwa Kiingereza nitasema naelewa, wewe utasema asante, utakwenda zako Chicago na mimi nitabaki hapa Germantown, na hakuna atakayekuwa amesema kitu. Na usijitetee kwamba Kiswahili hukijui. Miaka yote unanijibu Kiingereza, nikawa nahuzunika kwamba lugha imekupita, kumbe ulikuwa unaiweka akiba uje uitumie mbele za watu. Tutafika huko.

Sikuandikii habari za kula wala za koti la baridi. Mtu mzima wewe, ukisikia baridi utavaa. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne ulisimama mlangoni hapa, mimi naosha vyombo. Ukasema siku ya kuhama Andre, rafiki yako wa chuo, ndiye atakayekuja na lori kuchukua vitu vyako. Halafu ukasema, "Mom, if he has to wait outside, I'm not coming back in either." Akibaki nje yeye, na wewe humu hutaingia tena. Ukasubiri. Mimi nikaendelea kusugua sufuria iliyokwishatakata zamani. Ukasubiri kidogo tena, ukapanda juu, na tangu siku hiyo tunapishana kwenye ngazi kama wapangaji.

Sasa nisikilize. Nitaanza na hasira, maana nikianza na upole nitakuwa nakudanganya.

Nimekukasirikia kwa ile filamu. Uliniambia, "Just you and Baba, Mom, please." Mimi na baba yako basi. Haya, niambie, kwetu nani anakwenda kwenye sherehe ya mwanawe peke yake? Mtoto nimemzaa mimi, katengeneza filamu, inaonyeshwa kwenye ukumbi Takoma Park, watu wanapanda treni kuja kuiangalia, halafu mimi nijibanze kwenye kona na mume wangu kama tumekwenda kwenye msiba wa mtu tusiyemjua! Nikaiweka kwenye grupu. Kina mama wakaitika wote, hata wale ambao kwenye visomo vya Kurani hawaonekani. Tukachagua sare, kile kitenge cha kijani. Nikakaanga sambusa tangu alfajiri. Baba yako akasema, "Mtoto si kasema sisi wawili?" Nikamwambia akatie gari mafuta.

Na nikamwalika Mama Salha wa Springfield. Hilo unalijua, lakini acha niliandike lilivyo. Nilikuwa nimeshamtuma Mzee Kombo kwao kukuposea. Mshenga kaenda, kakaribishwa, kanywa chai, kasema alichotumwa, na wenyewe wakamjibu kwamba wanazungumza na binti. Nikaona filamu hii ndiyo nafasi yenyewe. Wamwone kijana wetu kasimama na kipaza sauti, anapigiwa makofi. Nikamkalisha Mama Salha ubavuni kwangu, kiti cha mbele, nikampangusia na kiti chenyewe.

Filamu yenyewe, mwanangu, unisamehe, inakwenda polepole mno. Mwanamke anachagua mchele. Anachagua mchele. Bado anachagua mchele. Mama Biubwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mama Yahya, imekwama au?" Nikamwambia filamu za wasomi ndivyo zilivyo. Akasema, "Wallahi mimi mchele huo ningekuwa nimeshaula na vyombo nimeosha." Tukacheka. Nilikuona umesimama ukutani kule unatutazama, nikawanyamazisha.

Halafu yule mwanamke akaanza kuzungumza na simu. Kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, mikono kwenye sinia, anamwambia ndugu yake wa Tanga: "Huyo binti wa Springfield mzuri wa kiasi, lakini mama yake tunajuana, na hawana makuu. Akishaoa atatulia. Mwenyewe hajui anachotaka, tutamchagulia." Na akacheka. Nyuma yake kijana wake kasimama mlangoni na kikombe mkononi.

Yahya, maneno yale ni yangu. Neno kwa neno, na kicheko ni changu. Hata namna ninavyovuta "kiasi" umemfundisha yule mwigizaji. Jina la msichana ulibadilisha, nakushukuru, lakini Springfield uliiacha! Mama Salha aligeuka akanitazama, na mimi nikaangalia mbele kama dereva.

Basi tena kilichofuata kila mtu alikiona. Yule kijana na mwenziwe ndani ya gari, mvua inanyesha, nje ya nyumba ya mama. Hawasemi kitu. Mwenziwe anamwekea mkono shingoni na anauacha pale pale. Ukumbi mzima kimya, na kimya cha upande wetu kilikuwa cha namna yake. Nikasikia kina mama wanaanza kukusanya mikoba. Mama Salha alisimama kabla taa hazijawashwa, na kwa heshima zake akaniambia, "Tutaonana, dada." Hakuniambia lini.

Kwa nini hukuniambia nyumbani? Ndilo nililokuwa najiuliza nikitoka pale, nimefura. Kwa nini niambiwe na watu baki, gizani, nimevaa sare?

Na pale mlangoni akanifuata yule bibi Mmarekani mweusi, mvi zake zimekaa vizuri, akanisalimu kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu aliyekisoma kwa bidii. Akasema, "Samahani sana, mama. Je, wewe ndiye mama wa kijana huyu?" Nikamjibu, "Hapana, mimi nimewasindikiza wenzangu tu." Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika sahani uliyoniwekea chakula. Uliiweka mezani, ukaondoka. Sina namna ya kulisema jambo hilo likawa dogo, na sitajaribu. Andre alinibebea sinia la sambusa mpaka kwenye gari, hazikuliwa hata nusu, akaniamkia shikamoo kama siku zote. Nikaingia garini nikafunga mlango. Wewe unajua kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ya kijana amefanya nini.

Siku zilizofuata nilikuwa na hasira na kila kitu. Na wewe, na filamu, na Mama Biubwa aliyeniandikia "pole" kama nimefiwa, na kina mama wenzangu wanaoniuliza kwa upole kama safari hii nipumzike, wali wa visomo apike mwingine. Nikawa naendesha basi la shule nimekunja uso hata watoto wanapanda kimya kimya. Mmoja akaniambia, "Miss, you okay?" Nikamwambia akae.

Halafu siku moja, baba yako hayupo, nikafungua ile filamu kwenye kompyuta, ile anwani uliyonitumia. Nilitaka nione kama kweli ni mimi, au ni aibu tu iliyonifanya nijione. Safari hii sikumtazama yule mwanamke. Nilimtazama kijana mlangoni. Mwanangu, anafungua mdomo. Anaufunga. Anasogeza kikombe mkono wa pili. Anafungua mdomo tena. Mama yake anachagua mchele na kucheka na simu, na yeye amesimama pale muda wote ule ambao sisi tulikuwa tunafanyia mzaha. Nilidhani ni uvivu wa mpiga picha. Kumbe ulipima. Ule ndio muda uliokuwa unasimama kwenye mlango wangu. Nililia, nakuambia wazi, na nilikuwa nimekasirika huku nalia, sijui nimemkasirikia nani.

Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba uliniambia, tukiwa sisi wawili tu. Na si mara moja tu. Ulikuwa sekondari, tunatoka kwa daktari wa meno, tumekwama kwenye foleni ya barabara kuu. Ukasema kwa sauti ndogo, ukiangalia nje, kwamba hudhani kama utakuja kupenda wasichana. Mimi ninayesikia kutafuna bigijii kutoka kiti cha mwisho cha basi, nilisikia vizuri sana. Nikakuuliza kama umekula. Ukasema hujala. Nikakununulia chipsi, nikajiona nimelimaliza. Na usiku ule ndio nilipoanza kuwauliza watu nani ana binti.

Hilo ni moja. Lakini kubwa zaidi ni lile la kabla sijamtuma Mzee Kombo, na hapa sasa nataka usome polepole, kama filamu yako.

Nilikuuliza. Usiseme sikukuuliza. Nilikaa hapa hapa, nikakuambia, "Yahya, nataka nimtume Mzee Kombo Springfield. Unasemaje?" Ulikuwa unakunywa chai. Hukusema kitu. Uliniangalia, ukaangalia kikombe, ukaondoka. Nami nikampigia simu Mzee Kombo siku ileile, nikamwambia, "Kijana amenyamaza."

Mzee Kombo akasema, "Alhamdulillahi, basi amekubali."

Wewe umekulia huku, huenda hujui asili ya jambo hili. Siku ya harusi yangu Tanga, wanaume wako msikitini, mimi niko chumbani nimefunikwa ushungi, somo yangu aliyenifunda kanishika bega. Wakaja watu kuniuliza kupitia mlangoni kama nimeridhia kuozwa na mwana wa fulani. Mwari hajibu. Akijibu haraka ataonekana hana haya. Ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Wakauliza, nikanyamaza. Somo akasema, "Amenyamaza!" Vigelegele vikapigwa mpaka mtaa wa pili, na mimi nikawa mke wa mtu.

Sijawahi kumwambia mtu kwa nini nilinyamaza. Si haya. Nilikuwa nimebana kilio, na nilijua nikifungua mdomo hakitatoka kibali, kitatoka kilio. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu, barua ipo chini ya godoro, na nilitaka mtu mmoja tu aniulize mwaka huu au mwakani. Hakuna aliyeuliza hivyo. Baba yako ni mtu mwema, unamjua. Lakini hilo ni bahati, Yahya. Mimi nilibahatisha, halafu nikaichukua bahati yangu nikaifanya kanuni ya kukuozea wewe.

Ndicho kinachonichoma. Mwingine angekosea kwa kutojua. Mimi nilijua kabisa, kwa mwili wangu, kwamba mtu anaweza kunyamaza huku ndani anapiga kelele. Mimi ndiye niliyekaa chini ya ule ushungi. Na bado ulipoangalia kikombe chako, nilipiga kigelegele. Kama nina funzo lolote la kukupa uende nalo, ni hilo, na limenigharimu: usimhesabie mtu kimya chake. Muulize tena. Akinyamaza tena, kaa naye hapo, usiende kupiga simu.

Leo mchana nilikwenda Springfield. Kwa desturi posa hufutwa na yule aliyeipeleka, kwa maneno ya kuzungukazunguka, hakuna anayeumbuka. Mzee Kombo alikwishaniandalia la kusema, kwamba kijana kapata masomo ya mbali. Nikamwambia abaki kwake. Nikaendesha mwenyewe, nikakosea njia kwenye yale makutano yao ya barabara zilizopandiana kama tambi, nikatukana, nikafika.

Mama Salha alinifungulia bila tabasamu. Nikaketi. Nikamwambia, "Dada, posa yangu naiondoa. Mwanangu hatamwoa binti yako. Ana mtu wake, na mtu wake ni mwanamume. Niliyosema kwenye simu kuhusu binti yako nayo ni yangu, nimekuja kuomba radhi."

Aliinama akashika kichwa. Akaniambia, "Mama Yahya, ungesema tu masomo."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti, "ana mtu wake," na dari haikuanguka. Salha mwenyewe akatoka chumbani kwake na nguo za kazi. Akasema, "Auntie, mimi nobody asked me. Hata mara moja. Mama alisema niko quiet so it's fine." Mama yake akageuka kumtazama binti yake kama vile ndiyo kwanza anamwona. Niliwaacha hivyo. Kurudi nyumbani nilipiga honi njia nzima, hata mahali ambapo hapakuwa na gari.

Sasa usidhani nimekuwa mtu mwingine. Sijaelewa, Yahya. Nimesali, na bado sijui nitajibu nini nikiulizwa nilikuleaje. Wewe huwezi kunisaidia kwa hilo, niachie mwenyewe. Napenda ningekuwa na wajukuu, na nikiwaona kina Mama Biubwa wanabeba wao nasikia wivu, na nakukasirikia, na najua sina haki. Nakukasirikia kwa kuifanya jikoni yangu kuwa filamu. Nakukasirikia kwa kwenda Chicago wakati ndiyo kwanza nimeanza kusikia. Na Andre naye namkasirikia, kwa sababu nilimpenda miaka yote hii akija hapa kama rafiki wa chuo, akila pilau langu, akisafisha theluji mlangoni bila kuombwa, na sasa naambiwa niamue kama namtaka ndani. Nani aliyewahi kuniona namtoa?

Mimi mwenyewe, kumbe. Nilimfungia mlango wa gari.

Baba yako nimemsomea mpaka hapa. Kasikiliza, hakuondoa macho kwenye mpira usio na sauti. Nikamuuliza, "Unasemaje?" Akanyamaza. Nikamwambia, "Safari hii sitaki kunyamaza, sema." Akasema, "Mimi siwezi kukaa miaka sina mtoto." Halafu akasema lori likija lisiegeshwe mbele ya nyumba ya jirani, atagomba. Hayo ndiyo maneno yake yote, nimekuandikia kama alivyosema.

Jumanne ulinisubiri mlangoni na mimi nikanyamaza. Sijui wewe ulikipokeaje kimya changu. Huenda umeshajihesabia kwamba nimekataa, na ndiyo maana unapakia hadi zile picha za utotoni, nimeona ukutani hazipo. Zirudishe mbili.

Basi sikia jibu langu kwa mdomo wangu, asije mtu akakusemea. Kesho Andre asikae kwenye lori. Apite mlango wa mbele, avue viatu kama kila mtu, akae mezani ale. Nitamwomba radhi mbele yako, na anipe nafasi nimalize, asianze kunibebea vyombo. Kina mama wakiona lori na wakaniuliza, nitawajibu. Nitajibu vibaya, najijua, lakini nitajibu.

Halafu Idi mje. Nyote wawili, si wewe peke yako umebeba salamu zake. Sikuahidi kwamba nitakuwa nimetulia. Nitakuwa bado nimekasirika, nitagomba tangu mnaingia hadi mnaondoka, nitawauliza maswali ya kijinga na mtachoka. Lakini nataka kugomba na nyinyi mkiwa mmekaa hapa, mnanijibu. Nyumba ikiwa kimya, mimi sijui kusoma kimya. Umeshaona.

Mama yako,
ambaye ana mengi bado ya kukugombeza